Kifaa kisilale kabatini: teknolojia ya kumsaidia mtoto aliyezaliwa amechoka, hatua kwa hatua

Leba zetu zina neno lao: "mtoto amechoka." Mama anauliza mbona mwanangu halii, na mkunga anamjibu hivyo huku mikono yake inakimbia. Maana yake mtoto ametoka hapumui, au anavuta pumzi moja ya kukata kisha ananyamaza. Katika kila watoto 10 wanaozaliwa, mmoja hivi huhitaji kusaidiwa kidogo ili aanze kupumua, na wengi wa hao hukaushwa, wakasuguliwa mgongo, wakalia. Wanaohitaji ambu, ule mfuko wa kubonyeza unaompulizia mtoto hewa kupitia barakoa, ni wachache, kama 3 hadi 6 katika 100. Uchache huo ndio tatizo. Mkunga wa kituo kidogo anaweza kumaliza miezi miwili hajashika ambu, halafu saa tisa usiku akaihitaji ndani ya sekunde 60.

Vifaa vya kumsaidia mkunga huyo vipo, na vingine vimejaribiwa hapa hapa Tanzania na kwa majirani. Nimevitumia, nimefundisha wenzangu kuvitumia, na nimeviona vikikaa bure. Usiku mmoja tulikuwa wawili zamu. Mtoto akatoka mweupe, amelegea. Kituo kilikuwa kimepokea kifaa cha kupima mapigo ya moyo ya mtoto mchanga wiki ile, na inchaji, yaani msimamizi wetu, kwa nia njema kabisa, alikifungia kabatini kisipotee. Ufunguo ulikuwa kwenye pochi yake, na pochi ilikuwa nyumbani kwake. Tulihesabu mapigo kwa vidole viwili kwenye kitovu huku taa inafifia na kurudi. Mtoto alilia dakika ya tatu. Kifaa kilikuwa umbali wa milango miwili, chaji imejaa, na stika ya kiwandani bado haijabanduliwa kwenye kioo.

Mwongozo huu ni kwa mkunga, muuguzi na mganga mfawidhi. Hauchukui nafasi ya mafunzo ya kumsaidia mtoto kupumua wala miongozo ya wizara. Unaonyesha kifaa kinaingia wapi katika kazi unayoijua tayari, na wapi kikae pembeni.

Hatua ya 1: Andaa meza kabla ya kuwaza skrini

Njia ya mama ikifunguka sentimita 7 au 8, meza ya mtoto iwe tayari. Chumba kiwe na joto la nyuzi 25 au zaidi, madirisha yamefungwa, feni imezimwa. Vitambaa viwili vikavu, kofia, pengwini ya kunyonyea ute, mkasi na vibanio vya kitovu, saa yenye mshale wa sekunde. Ambu, na barakoa zake mbili, saizi 1 kwa mtoto aliyetimiza miezi na saizi 0 kwa njiti.

Ijaribu ambu kila zamu. Ziba mdomo wa barakoa kwa kiganja, bonyeza. Usikie mgandamizo mkononi na vali ya kupunguza presha ifunguke. Achia, mfuko ujae tena wenyewe. Nimekuta ambu iliyooshwa, ikakaushwa, ikaunganishwa bila ile vali ndogo ya mpira inayofanana na mdomo wa bata. Kwa macho ilikuwa nzima, ila hewa haikuwa inafika kwa mtoto. Hakuna mashine ya kisasa itakayokuokoa na ambu ya namna hiyo.

Kifaa cha mapigo ya moyo kikae hapo hapo mezani, upande wa mkono usioshika barakoa, kimewashwa kujaribiwa. Kama kituo kinaogopa wizi, kifungwe kwa mnyororo mwembamba kama kalamu ya benki. Ufunguo usitoke leba.

Hatua ya 2: Anza na moyo wa mtoto aliye tumboni

Watoto wengi wanaozaliwa wamechoka walianza kukosa hewa kabla hawajatoka. Kwa hiyo kifaa cha kwanza cha uokoaji ni kile cha kusikiliza mapigo wakati wa uchungu. Fetoskopu ya pinadi, ile koni ya kusikilizia kwa sikio, bado ni chombo kizuri, ila inataka utulivu na muda, vitu viwili ambavyo leba yenye akina mama sita na mkunga mmoja haina.

Hapo ndipo kinapofaa kifaa kama Moyo, kilichotengenezwa na Laerdal Global Health ya Norway na kujaribiwa katika Hospitali ya Kilutheri Haydom, Manyara, na pia Dar es Salaam. Kitambuzi chake hufungwa tumboni kwa mkanda na namba huonekana baada ya sekunde chache, na unaweza kukiacha pale kikaendelea kufuatilia wakati unamhudumia mwingine. Katika majaribio hayo, mapigo yasiyo ya kawaida yalikamatwa mara nyingi zaidi kuliko kwa pinadi.

Mapigo ya kawaida ni 110 hadi 160 kwa dakika. Ukiona 95, usikimbilie hitimisho, kwa sababu mashine inaweza kuwa imekamata mshipa wa mama. Moyo ina sehemu ya mama kushika ili mapigo yake yaonekane pia. Kama kifaa chako hakina, shika kifundo cha mkono wake upime mwenyewe. Namba mbili zikifanana, sogeza kitambuzi. Zikitofautiana na ya mtoto iko chini, mlaze mama ubavu wa kushoto, simamisha dripu ya oksitosini, dawa ya kuongeza uchungu, kama inatembea, ita daktari, na hapo hapo weka ambu wazi mezani. Andika kwenye patografu, ile chati ya kufuatilia uchungu. Namba iliyoonekana bila mtu kuchukua hatua haimsaidii mtoto.

Hatua ya 3: Dakika ya dhahabu ni ya mikono

Mtoto ametoka. Bonyeza saa, au mwambie mtu atamke muda kwa sauti. Mkaushe kwa nguvu ya kutosha, ondoa kitambaa kilicholowa, msugue mgongo. Kama hapumui, safisha njia ya hewa pale tu unapoona imeziba, kata kitovu, mpeleke mezani, anza ambu. Yote haya ndani ya dakika moja.

Utafiti uliofanyika Haydom na kuchapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba kwa watoto waliohitaji ambu, kila sekunde 30 za kuchelewa kuanza ziliongeza kwa asilimia 16 hatari ya kufa au kulazwa kwa muda mrefu. Sekunde 30 ndizo unazopoteza ukitafuta waya wa chaja.

Kwa hiyo kanuni yangu ni hii. Mkiwa wawili, mmoja anashika barakoa na mwingine anaweka kifaa. Ukiwa peke yako, ambu kwanza. Kifaa kinasubiri mpaka umeona kifua kikipanda mara kadhaa. Usiache kubonyeza ili ubonyeze kitufe.

Kichwa kiwe sawa, pua ikielekea juu, bila kukikunja nyuma sana. Barakoa ishike kidevu, mdomo na pua, isiguse macho. Pumzi 40 hivi kwa dakika. Mdundo wake ni ule ule wa darasani: "bonyeza, mbili, tatu, bonyeza, mbili, tatu." Utamke kwa sauti. Mkunga mwenye hofu hubonyeza haraka mno, na nimeshuhudia anayehesabu kwa mdomo akipungua kasi bila kuambiwa. Hewa ya kawaida ya chumbani inatosha kuanzia kwa mtoto aliyetimiza miezi; usisubiri mtungi wa oksijeni usukumwe kutoka wodi ya pili.

Hatua ya 4: Weka kifaa cha mapigo, kisha kisome vizuri

NeoBeat ndicho ninachokifahamu zaidi. Kimepinda kama bangili nene iliyokatwa upande mmoja, nacho humkumbatia mtoto kiwiliwili bila gundi, bila waya, bila kumfunga. Kinasoma umeme wa moyo, hivyo namba hutokea ndani ya sekunde chache. Oksimita, kipimo cha oksijeni na mapigo cha kidoleni au mguuni, nayo inafaa, lakini kwa mtoto aliyezaliwa sasa hivi, mwenye ngozi baridi na utando mweupe, mara nyingi huchukua dakika moja au mbili kabla ya kutoa namba ya kuaminika. Huna dakika hizo.

Kama namba haitokei, futa ngozi panapogusana na kifaa, kibonyeze kidogo, na uendelee na ambu. Usikirekebishe zaidi ya mara moja.

Ikiwa 100 au zaidi na kifua kinapanda, upuliziaji wako unafanya kazi. Endelea mpaka mtoto apumue mwenyewe vizuri. Usiache kwa sababu namba imependeza. Moyo mzuri bila pumzi utashuka tena.

Ikiwa chini ya 100, kosa la kwanza kulitafuta liko mkononi mwako, halipo kwa mtoto. Hapa ndipo kifaa kinalipa gharama yake. Bila namba, mkunga anaweza kubonyeza ambu dakika tatu hewa ikivuja ubavuni mwa barakoa, akiamini anafanya kazi. Akiona 70, 68, 70, anajua. Weka barakoa upya na kaza ukingo wake usoni. Sahihisha kichwa. Angalia ute mdomoni na puani. Fungua mdomo kidogo. Bonyeza kwa nguvu zaidi kidogo mpaka kifua kipande. Baada ya kila badiliko toa pumzi tano hivi, kisha tupa jicho kwenye namba. Mara ya kwanza utakapoona 68 ikigeuka 90, kisha 120, kwa kusogeza tu kidevu cha mtoto, hutahitaji tena mtu wa kukushawishi.

Ikiwa chini ya 60 baada ya dakika nzima ya upuliziaji unaopandisha kifua, mtoto anahitaji zaidi ya ambu: oksijeni, na kama kuna mtu aliyefunzwa, kubonyeza kifua mara 3 kwa kila pumzi 1. Kama hayupo, endelea kupulizia vizuri na uite rufaa.

Tahadhari moja ambayo wauzaji hawaisemi kwa sauti. Kifaa kinachosoma umeme wa moyo kinaweza kuonyesha namba wakati moyo hausukumi damu ya maana. Namba isipolingana na mtoto unayemwona, shika kitovu au weka stetoskopu kifuani.

Kuna upande mwingine wa jambo hili, na ndio unaonifanya nikipende kifaa hiki. Mtoto aliyelegea, mweupe, asiyepumua, huandikwa kwa urahisi kwamba amezaliwa mfu. Kinshasa, huko Kongo, watafiti wametumia NeoBeat katika hospitali ili kuwatenganisha waliokufa kweli na wale ambao moyo bado unapiga. Kwa hiyo usiandike chochote kwenye rejista kabla hujapima. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani inaruhusu kusimamisha juhudi baada ya dakika 10 kama hakuna pigo lolote, na baada ya dakika 20 kama mapigo yamebaki chini ya 60 na mtoto hajapumua mwenyewe. Kifaa kinakupa uhakika wa kuendelea, na siku nyingine kinakupa uhakika wa kumwambia mama ukweli.

Hatua ya 5: Simu ibaki mfukoni

Simu ni mwalimu mzuri na msaidizi mbaya. Safe Delivery App ya Maternity Foundation ya Denmark ina video fupi za hatua za uokoaji, na ukishaipakua inafanya kazi bila bando. LIFE, mchezo wa simu ulioandaliwa na Chuo Kikuu cha Oxford pamoja na wenzao wa KEMRI-Wellcome Trust nchini Kenya, hukuweka ndani ya hospitali ya kuigiza na kukuuliza ufanye nini, saa ikihesabu. Vitumie wakati wa chai, kwenye daladala, usiku zamu ikitulia.

Mtoto akiwa mezani, kazi pekee ya simu ni kupiga kuita msaada, na anayepiga awe mtu mwingine. Mwenzangu mmoja aliwahi kuisimamisha kwenye mtungi ili afuate video. Tangazo la kampuni ya simu likaingia.

Hatua ya 6: Fanya mazoezi na doli kila wiki, hata kwa dakika 5

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na nitakaa hapa kidogo.

Mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto kupumua yalipofuatiliwa Haydom, wahudumu walionekana wameboreka sana wakifanya kwa doli, lakini walipofika kwa mtoto halisi kazi yao ilikuwa karibu ile ile ya zamani. Hospitali ikabadili mtindo: mazoezi mafupi, ya mara kwa mara, kazini hapo hapo. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila 1,000.

Doli la kawaida, kama NeoNatalie, hujazwa maji likawa na uzito na ulegevu wa mtoto. Limewekwa balbu za kubonyeza ili mwenzako alifanye lipumue au kitovu chake kidunde. Toleo lake la kisasa, NeoNatalie Live, huongea na tableti: baada ya zoezi unaona ulianza kupulizia sekunde ya ngapi, uliacha mara ngapi, hewa ilivuja kiasi gani. Halina haya wala upendeleo. Sista mwenye miaka 30 kazini anapata alama zake kama mwanafunzi wa juzi.

Uganda wana njia nyingine. Kifaa cha AIR, kilichobuniwa na timu ya Chuo Kikuu cha Mbarara akiwemo daktari wa watoto Santorino Data pamoja na wenzao wa Boston, huchomekwa kati ya mfuko na barakoa, nacho hukuambia papo hapo kama hewa inavuja, njia imeziba au kasi si sahihi.

Kwa vitendo, doli likae kona ya leba, limefunikwa khanga. Kila anayeingia zamu aliguse: akaushe, apulizie dakika mbili, asome majibu, aandike jina kwenye daftari. Wawili wawili ni bora zaidi, mmoja barakoa, mmoja kifaa, halafu wabadilishane. Usifanye mtihani. Siku kiongozi atakapotumia alama za tableti kumsema mtu kwenye mkutano wa asubuhi, doli litaanza kukusanya vumbi, na hutajua kwa nini.

Hatua ya 7: Zungumzeni baada ya kila tukio

Kabla zamu haijaisha, dakika 10, wale waliokuwepo tu. Ambu ilianza sekunde ya ngapi? Namba ya kwanza ilikuwa ngapi, na ilipanda baada ya kufanya nini? Nani aliitwa na alifika lini? Nini hakikuwepo mezani?

Usidhani hili ni la hospitali kubwa pekee. Mpango wa Safer Births Bundle of Care uliunganisha vifaa hivi, mazoezi ya kila mara na mazungumzo ya takwimu katika vituo 30 vya mikoa ya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza. Matokeo yalichapishwa mwaka 2025 katika jarida la New England Journal of Medicine: vifo vya watoto ndani ya saa 24 vilishuka kutoka 6.4 hadi 3.8 kwa kila vizazi 1,000. Nikiulizwa kipi kilifanya kazi, kifaa au mazoezi, nasema siwezi kuvitenganisha, na simwamini anayedai anaweza.

Hatua ya 8: Chaji, usafi, na jina la mtu

Kifaa kioshwe kila baada ya mtoto kwa dawa iliyotajwa kwenye kijitabu chake. Wengine hukitumbukiza kwenye klorini kali usiku kucha, asubuhi kimekufa. Ambu ifunguliwe vipande vyote, ioshwe, itakaswe, ikauke, iunganishwe, ijaribiwe kwa kiganja. Vali zihesabiwe.

Chaji iwe na mwenyewe. "Wote tunachaji" maana yake hakuna anayechaji. Andika kwenye ratiba ya zamu: fulani, ambu; fulani, kifaa cha mapigo; fulani, doli. Kama umeme ni wa kusuasua, chaji kila ukiwepo, hata kama betri inaonyesha nusu. Na mhandisi wa vifaa tiba wa wilaya apewe namba ya kifaa siku kinapofika, asiijue siku kinapoharibika.

Kama kituo bado hakijanunua chochote, kabla ya kusaini muulize muuzaji: kinakaa na chaji saa ngapi? Vipuri vinapatikana hapa nchini au vinaagizwa? Kinafaa kwa mtoto wa kilo ngapi kwenda chini? Nani atarudi kutufundisha baada ya miezi mitatu? Akibabaika kwenye swali la mwisho, nunua kwanza ambu mbili za akiba na doli moja.

Hatua ya 9: Rudi kwa mama

Mtoto akishapumua na kubadilika rangi, mlaze kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, afunikwe. Kifaa kinaweza kubaki kiwiliwilini dakika chache ukiangalia kama namba inatulia. Mtoto aliyepuliziwa kwa ambu asiachwe bila jicho. Pumzi, joto, rangi na unyonyaji vifuatiliwe, na kama anakoroma, anadegedeka au hanyonyi, aende kitengo cha watoto.

Mama ameona kitu cha plastiki kimembana mwanawe, namba zinacheza, watu wanahesabu. Mweleze. Mimi humgeuzia kioo na kumwambia, "Mama, hii ni moyo wake, ona, mia moja arobaini." Wengi hunyamaza wakaitazama hiyo namba muda mrefu kuliko wanavyonitazama mimi. Mmoja aliniuliza kama anaweza kwenda nacho nyumbani. Nikamwambia hapana, kuna mwingine ana sentimita 8 kitanda cha pili.